Mbeleko ya Rubani

Chantal na Espérance, mmenisumbua tangu siku mliyonikatia keki ya kustaafu: Bibi andika, Bibi andika. Haya, naandika. Nimekaa hapa Mansfield, karibu na Dallas, kwa binti yangu Zawadi, sina tena wa kunipigia honi asubuhi twende kazini, na mjukuu wangu Imani anachapa kwenye kompyuta ninachoandika kwa mkono. Akikuta neno asilolijua ananiuliza kwa Kiingereza, namjibu kwa Kiswahili, tunaelewana. Huyu Imani ndiye aliyekuwa wa kwanza kwenye maonyesho ya sayansi ya shule yao. Nimesema tu, sijigambi. Basi, najigamba kidogo.

Mshahara sitauzungumzia, ulikuja, ukapita. Cheo nilipewa kimoja nikakirudisha, kwa sababu kilikuwa cha kukaa kwenye kiti na kuwaambia wenzangu waharakishe. Nitawaambia habari ya kazi yenyewe, maana nyinyi wawili mmeikuta karakana ikiwa na mashine zinazosoma mchoro zenyewe, mkadhani ndivyo ilivyozaliwa.

Mimi nilisoma hadi darasa la nne, Morogoro. Baada ya hapo shule yangu ilikuwa cherehani ya kukanyaga, kwenye baraza la duka, nikishona sare za watoto waliobahatika kuendelea na masomo. Houston nilikuja nikimfuata mume wangu, Baba Zawadi. Alikuja kusoma chuo, akaishia kuendesha teksi. Alichosoma akakijua vizuri ni barabara. Mimi nilianza kwa kutandika vitanda hotelini. Siku moja, baada ya misa kule Stafford, pembeni mwa Houston, mama mmoja akaniambia kuna karakana kusini, karibu na ghuba, inatafuta mafundi wa kushona vitu vya watu wanaokwenda angani. Nikadhani ananitania. Nikaenda hivyohivyo, hotelini mgongo ulikuwa umechoka.

Siku ya kwanza nilitaka kuonyesha kwamba mimi ni fundi kweli. Nikakaa kwenye mashine, nikachukua pini za kushikizia kitambaa, nikazibana midomoni kama kila fundi niliyemjua. Mara nikaona kiganja cha mtu chini ya kidevu changu, kimefunguliwa, kama unavyomwambia mtoto ateme pipi. Alikuwa Dolores, mkuu wa mafundi, mwanamke mfupi mwenye nywele nyeupe, mzaliwa wa huko mpakani na Meksiko. Alikuwa ameshona magauni ya maharusi nusu ya maisha yake kabla ya kuja pale.

“Tema, mija,” akasema. Mija kwa lugha yake ni binti yangu.

Nikatema pini mkononi mwake. Akazihesabu mbele yangu, akazichomeka kwenye mto wa pini, akaniambia: “Kwenu pini ikipotea inaanguka sakafuni, unaikanyaga, unatukana, basi. Huko juu pini haianguki sakafuni. Inaelea mpaka ikutane na jicho la mtu.”

Hilo ndilo somo langu la kwanza, na ndilo nililowapa nyinyi siku yenu ya kwanza, mkanichekea. La pili lilikuwa nisikate uzi kwa meno. Tulipewa mkasi mdogo uliofungwa kamba kiunoni, na jioni mkasi usipoonekana hakuna anayekwenda nyumbani. Kitambaa chenyewe kilikuwa hakishiki moto, kigumu kwenye sindano, kinakula ncha kama mchanga. Ilibidi kujifunza upya kushona, na mimi nilikuwa na miaka ishirini ya kushona.

Lakini kilichonisumbua zaidi si kitambaa. Nilikuwa nashona mifuko ya kulalia, yenye zipu mbele na matundu ya mikono, na mikanda ya kuifunga ukutani. Watu wale hulala wamefungwa ukutani, au darini, kwao sawa tu. Mimi niliamini wamekwenda juu sana mpaka uzito umewaishia, kama harufu ya chakula inavyokuishia ukitoka jikoni. Nikamwuliza Dolores kama ndivyo.

“Sivyo,” akasema. “Hawako mbali kiasi hicho. Ni kama kutoka hapa hadi kwa Zawadi, kama ungeweza kuendesha gari kwenda juu.” Zawadi wakati huo alikuwa anasoma Dallas. “Dunia inawavuta kule karibu sawa na inavyokuvuta wewe hapo kwenye kiti.”

“Sasa kwa nini hawaanguki?”

“Nani kakwambia hawaanguki?”

Akachukua kigurudumu cha uzi, akakisukuma mezani polepole. Kikafika ukingoni, kikaanguka hapo miguuni pangu. Akachukua kingine, akakisukuma kwa nguvu. Kikaanguka kule kwenye pasi. Cha tatu akakivurumisha, kikampata mkaguzi wetu Gerald kwenye kifundo cha mguu, nitawaambia habari zake.

“Umeona?” akasema Dolores. “Vyote vimeanguka. Kinachokwenda kasi kinaanguka mbali. Sasa fikiria kimoja chenye kasi ambayo, kabla hakijafika chini, ardhi nayo imeshainama, maana Dunia ni mviringo. Kinaendelea kuanguka, ardhi inaendelea kuinama. Saa moja na nusu kimeizunguka Dunia yote na bado kinaanguka. Wao wako ndani yake, wanaanguka nacho pamoja, ndiyo maana wanaelea.”

Nikaviokota vile vigurudumu. Halafu nikasema, “Kwa hiyo watu wazima na akili zao wamekwenda kuanguka.”

“Kwa wiki mbili, mija. Na sisi ndio tunawashonea vitanda.”

Kile chombo chenye mabawa kilichowapeleka angani sisi tulikiita ndege tu. Kilipanda kimesimama wima, juu ya moto, lakini kilirudi kama ndege, na kikishapoa na kukarabatiwa kilipanda tena. Vyombo vya zamani vilipanda mara moja, na kilichobaki kikawekwa makumbusho. Hiki kilirudi na kila kitu chetu ndani yake, na hapo ndipo kazi yetu ilipokuwa na utamu wa peke yake. Mifuko ilirudi kwetu kuoshwa, kukaguliwa na kushonwa upya. Fundi wa sare hajui mtoto ameipasua wapi mpaka mama yake alete. Sisi tulikuwa tunaletewa. Nilikuta zipu iliyolegea upande mmoja tu, nikajua mwenyewe ni wa mkono wa kushoto. Nilikuta soksi. Nilikuta kipande cha biskuti kilichokuwa kimezunguka Dunia mara nyingi kuliko mabosi wetu wote. Ukishona bila kuona kinavyochakaa unashona kwa kubahatisha. Msikubali kazi isiyorudi mikononi mwenu, au angalau ombeni mwonyeshwe.

Ndege zile zilipostaafu nililia, nasema kweli. Sasa zimesimama kwenye majumba, watoto wanapiga picha chini ya mabawa. Tukashona mikoba, tukashona vifuniko, kuna mwaka tulishona vitu vya hospitali tu, halafu vikaja vyombo vipya vya kurudi, hivi mnavyovishonea nyinyi. Hayo nimeyasema hapa katikati kwa sababu sitaki kumalizia nayo. Nataka kumalizia na Hollis.

Hollis alikuwa rubani, mrefu mpaka mlango wetu ulikuwa unamfanya ainame. Alikuja karakana mwenyewe mchana mmoja, kofia pana kichwani, buti za wachunga ng'ombe miguuni, akauliza nani anashona mifuko ya kulalia. Jina langu la Mama Zawadi liliwashinda wote pale, wakawa wananiita Mama Zi. Dolores akaninyooshea mkasi: “Mama Zi yule pale. Usimkatishe, yuko kwenye kona ya mshono.”

Akangoja nimalize kona. Nilimpenda kwa hilo.

Maneno yake alisema kwa Kiingereza, nayaandika kwa Kiswahili. “Nilishapanda mara moja,” akasema. “Sikulala. Nikipitiwa tu, mwili unashtuka: unaanguka! Nafumbua macho, niko palepale nimening'inia. Nafumba, unaanguka! Hivyo kila siku.”

Dolores akadakia, “Si kweli unaanguka?”

“Ndiyo shida yenyewe. Mwili ukikudanganya unaweza kuukemea. Huu unasema kweli.”

Na dirishani jua linachomoza na kuzama, kila saa moja na nusu. Safari ile ya kwanza alirudi macho mekundu kama amesugua pilipili, lakini aliyeshika usukani wa kutua alikuwa mwingine. Safari hii ni yeye. Ndege ile ili irudi huigeuza mkia mbele na kuwasha injini kidogo kuipunguzia kasi, na sasa ile ardhi inayoinama haiwahi tena kuikwepa. Inaingia kwenye hewa na tumbo linawaka kama pasi. Ikishashuka kwenye hewa nzito injini hazina kazi tena. Inateleza tu kwa mabawa, nzito, kwenye njia moja, mara moja. Rubani akikosea hawezi kusema ngoja nizunguke nije tena.

“Vidonge?” Dolores akamwuliza.

“Wengine vinawafaa. Mimi vinaniacha na ukungu kichwani. Sitaki ukungu siku ile. Nyuma yangu kuna watu, na nyumbani kwao kuna watoto.” Akanigeukia. “Daktari akijua silali ataniondoa kwenye safari nzima, na ana haki. Nataka nilale, Mama Zi. Una chochote?”

Nikamwambia aniache nifikiri.

Sikufikiria sana. Zawadi alipokuwa mchanga alikuwa anashtuka hivyohivyo, mikono juu, macho kodo. Nikimlaza kitandani anashtuka, nikimfunga mgongoni na mbeleko analala kabla sijamaliza fundo. Si joto tu. Ni kule kubanwa: kitu kimekushika, mwili unajua haupotei. Hollis alikosa godoro la kumsukuma kutoka chini. Basi nimpe kitu cha kumsukuma kutoka mbele.

Nikashona mkanda mpana kama khanga iliyokunjwa, wa kupita kifuani juu ya mfuko, kitambaa kileile kisichoshika moto, nikaweka lastiki katikati ili avute pumzi. Na mwishoni nikaacha ncha mbili ndefu za kufungia. Mbeleko hufungwa, kuna njia gani nyingine? Nilipoumaliza niliutandaza mezani, nikaita wenzangu waje waone.

Akaja Gerald. Sasa huyu Gerald mkaguzi alikuwa mtu mwembamba, mkimya, anayetembea na kioo cha kukuzia shingoni kama mwingine anavyovaa msalaba. Alikuwa anasoma mshono wako kama barua ya mkwe. Akautazama mkanda mbele na nyuma, akasema mshono mzuri. Halafu akasema, “Mama Zi, ingia.”

“Niingie wapi?”

“Kwenye mfuko. Ukutani. Ujifunge mwenyewe.”

Wakanining'iniza ukutani kama koti. Nikajifunga mkanda, nikapiga fundo ubavuni, fundo la heshima, la mama aliyezaa. Mafundi wote wamesimamisha mashine.

“King'ora kinalia,” akasema Gerald, sauti ileile ya kuomba chumvi. “Kuna moshi, taa zimezimika. Fumba macho, mkono mmoja umeshika taa ya tochi. Toka.”

Nikavuta. Fundo likakaza. Nikavuta upande wa pili, likakaza zaidi, maana uzito wangu wote ulikuwa umeliegemea. Nikasahau habari ya mkono mmoja, nikaingiza yote miwili. Kucha ikakatika. Dolores alikuwa amejiziba mdomo na kitambaa, mabega yanacheza.

“Mama Zi,” akasema fundi mmoja, “tukuletee chakula hapohapo?”

“Nyamaza wewe! Kwetu hakuna mtoto aliyewahi kuungua kwa sababu ya fundo!”

Gerald hakucheka. Akaja akaushika mfuko kwa chini ili nipumzike, akasema taratibu, “Mtoto anafunguliwa na mama yake, Mama Zi. Huyu atakuwa hana mtu wa kumfungua.”

Miaka yote nimebeba watoto, wangu na wa wenzangu, na sikuwahi kuona kwamba mbeleko ni nguo ya watu wawili. Anayelala siye anayefunga, na siye anayefungua. Mimi nilikuwa nimempa Hollis nusu ya kitu, nikaona ni kizima. Gerald alikuwa sahihi na nilimchukia mpaka siku ya pili saa ya chai.

Tukaanza upya, mimi na Dolores. Fundo tukalitupa. Upana ukabaki, lastiki ikabaki. Ncha moja tukaishona moja kwa moja kwenye mfuko, nyingine tukaiwekea utepe wa kunata, ule wenye vijino upande mmoja na manyoya upande wa pili, na mwishoni kikono cha kushika ambacho hata mwenye usingizi atakipapasa na kukipata. Ukikivuta mara moja wote unaachia, kraaa. Nikaning'inizwa tena. Nikatoka kwa mkono mmoja, macho nimefumba. Gerald akaupitisha.

Hollis naye akaning'inizwa, akasema anajisikia vizuri. Haikutuambia kitu. Hapa chini huwezi kujaribu usingizi wa kule, kwa sababu hapa chini huanguki. Ilibidi aende nao, na sisi tungoje.

Wakapanda. Zile siku walizokuwa juu nilikuwa mtu wa kuudhi. Baba Zawadi akiniongelesha namwambia subiri, nahesabu yuko wapi. “Mama Zawadi,” akasema, “mimi mumeo niko hapa mezani, hujawahi kunihesabu.” Jumapili kule Stafford, Mama Furaha, yule Mrundi rafiki yangu, akaniona nimebaki nimepiga magoti watu wote wametoka.

“Unamuombea nani, dada? Kuna mgonjwa?”

“Kuna mtu nataka alale.”

“Yuko hospitali gani?”

“Sasa hivi yuko kama juu ya Australia. Dunia nayo inazunguka chini yake, kila akirudi anakuta nchi nyingine. Akiendelea hivyo leo atapita Morogoro.”

Akanitazama, akatazama altare, akasema, “Basi akifika Bujumbura mwambie awasalimie.”

Siku ya kutua tulisimamisha mashine zote, tukasimama mbele ya televisheni ndogo. Ikatokea nukta nyeupe juu kabisa, kisha ikawa ndege, ikishuka kwa pua chini mno, mimi ningesema imeshaharibika. Dakika ya mwisho pua ikainuka, matairi yakatoka, ikagusa. Parashuti ya nyuma ikafunguka. Dolores akanishika mkono, nikagundua alikuwa ameushika muda mrefu, maana uliuma. Watu wakapiga makofi. Mimi nikapiga pia. Lakini mtu anaweza kutua vizuri kwa bahati, au kwa Mungu, na macho yake yakawa yaleyale ya pilipili. Nilichotaka kujua kilikuwa bado kiko kwenye sanduku.

Sanduku lilichukua muda kufika. Dolores akautandaza mfuko wa Hollis mezani, akawasha taa. Utepe wa kunata umechakaa, manyoya yamesimama: umefungwa na kufunguliwa mara nyingi. Moyo ukanipanda. Halafu Dolores akachukua kibano, akavuta kitu kwenye vijino, akakiinua kwenye mwanga. Unywele, mrefu, mweusi. Akavuta mwingine, mfupi, wa rangi ya majani makavu. Mwingine umejikunja kama wangu.

Na Hollis, sijawaambia, chini ya ile kofia alikuwa na kipara.

“Huu mkanda haukuwa kwake,” nikasema.

“Labda haukumfaa,” akasema Gerald, na kwa mara ya kwanza nilimwona anatafuta neno la kunifariji. “Labda aliwapa wengine.”

Nikaenda kushona vifuniko.

Hollis alikuja wiki iliyofuata, akainama mlangoni. Hakungoja nimalize kona safari hii, na mimi sikuimaliza. Dolores akamwonyesha zile nywele, alikuwa amezipanga juu ya kitambaa cheupe kama ushahidi mahakamani.

Akacheka mpaka akakaa. Kisha akatueleza. Mwanzo mkanda ulimshika akalala. Siku chache baadaye akamsikia mwenzao mmoja, mwanasayansi, mwanamke wa nywele ndefu, analia kimya kwenye mfuko wake kwa kukosa usingizi, akampa. Yule naye akampa mwingine. Ukawa unazunguka humo ndani kama wao wanavyoizunguka Dunia, kila mtu na zamu yake, na yeye siku nyingine alilala bila mkanda, mwili umeshazoea, siku nyingine hakulala kabisa.

“Na kabla ya kushuka?” nikamwuliza. Sauti ilinitoka kali kuliko nilivyotaka. “Siku ya kutua ulilala au hukulala?”

“Walikuja wote pamoja, wameubeba ule mkanda,” akasema. “Sikuwaomba. Walinivisha, wakanifunga wao wenyewe, mmoja huku, mmoja huku, wakazima taa.” Akavua kofia, akakipapasa kichwa chake kitupu kwa kiganja. “Asubuhi yake, Mama Zi, ilibidi waniamshe.”